Wenseslaus Njau na Makaburi ya Kuazima

Ndugu Wenseslaus Petri Njau, msimamizi wa Makaburi ya Mfongoni, Moshi, anastaafu tarehe 30 Juni 2025 baada ya kulitumikia geti letu kwa miaka thelathini na miwili, miezi minne na siku tisa. Hesabu hiyo ameifanya mwenyewe. Ofisi ilitaka kuandika "zaidi ya miaka thelathini", kama ilivyo desturi ya wasifu, lakini mstaafu alikataa. Alisema kwenye kazi yetu tarehe haikadiriwi. Tumemsikiliza, kwa sababu bado ni mkuu wetu hadi Jumatatu jioni.

Wasifu huu umeandikwa na karani wa ofisi, Gladys Temu, aliyefanya kazi naye kwa miaka kumi na minane. Wachimbaji wetu wawili waliombwa kuandika kwanza, wakajibu kwamba wao ni watu wa vitendo.

Ndugu Njau alizaliwa Kilema mwaka 1965, kwenye kihamba cha migomba na kahawa. Alipokuwa na miaka minne, baba yake, Petri, alivuka kwenda Kenya kutafuta kazi za mashambani. Mwaka 1974 ikaja barua kwamba Petri amefariki kwa homa ya mapafu na mwajiri amemzika huko huko. Barua haikueleza vizuri alizikwa wapi, na kile kidogo ilichoeleza kililiwa na mchwa. Mwaka 1977 mpaka ukafungwa. Ulipofunguliwa tena, baba mdogo aliyekuwa akilikumbuka jina la lile shamba alikuwa naye amefariki.

Kwa msomaji asiye wa huku, ni vizuri kueleza kwamba Mchagga huzikwa nyumbani kwao, kihambani, katikati ya migomba, ili walio hai waendelee kumpita kila wanapokwenda kukata majani ya ng'ombe. Mama yake Ndugu Njau alizikwa hapo mwaka 1991. Pembeni yake pameachwa nafasi ya mtu mmoja, na hapapandwi kitu. Tangu akiwa mtoto, Ndugu Njau alitaka kujua baba yake amelala wapi, apige magoti hapo hata mara moja. Hilo ndilo jambo pekee ambalo wenzake wamewahi kumsikia akilitaka. Vitu vingine, pamoja na kabati jipya la ofisi, alisema vinaweza kusubiri.

Aliajiriwa Jumatatu, tarehe 22 Februari 1993. Kwenye barua ya maombi hakutaja habari za baba yake. Aliandika kwamba ana afya njema, anajua kusoma na kuandika, na haogopi.

Kwa kuwa wenyeji huzikana milimani, Mfongoni ni makaburi ya watu ambao walifika Moshi kwa shughuli nyingine. Tuna mafundi wa reli, madereva, wapishi, maseremala, walimu waliohamishiwa huku na utingo kadhaa. Wengi wao ndugu zao wako mbali, na wengine ndugu hawakupata habari kabisa. Ndugu Njau alipokabidhiwa eneo hili, alilizunguka kwa wiki mbili na daftari, akaandika majina ya wote ambao hakuna aliyewahi kuja kuwaona. Walikuwa mia moja na sita. Hakuna aliyemtuma kufanya hivyo, na daftari lenyewe alilinunua kwa fedha yake.

Sasa tuje kwenye Kanuni ya Saba. Kanuni hii ilitungwa na Bodi ya makaburi mwaka 1996, baada ya watu kuzoea kuingia kukata majani ya mifugo, na baada ya maharusi wawili kupiga picha za harusi katikati ya misalaba wakidai wameona bustani nzuri. Inasema hakuna atakayeingia Mfongoni isipokuwa kwa maziko, au kuzuru kaburi la ndugu yake. Kila mgeni ataandikwa kwenye kitabu: jina lake, jina la marehemu, na uhusiano. Mwandishi wa wasifu huu aliichapa upya mwaka 2007, katika wiki yake ya kwanza kazini, akaipeleka mjini kuwekewa plastiki, akaibandika getini mwenyewe. Aliipenda sana kanuni hiyo. Alikuwa na miaka ishirini na minne.

Mwaka huo huo, Alhamisi moja saa tisa alasiri, alifika getini Bi Margareta, muuguzi mjane, mkazi wa mtaa wa Soweto hapa Moshi. Nyumba yake ilikuwa katikati ya baa na kanisa la maombezi, na pande zote mbili zilikuwa zimenunua spika mpya mwezi mmoja. Alikuwa amezoea kupanda Kibosho kusali kwenye kaburi la marehemu mume wake, lakini kila alipopiga magoti mawifi walitoka kuangalia kama anapima shamba. Akaacha. Alichoomba kwa Ndugu Njau kilikuwa nusu saa ya kukaa mahali pasipo na mtu, asali rozari yake, halafu aende zake.

Ndugu Njau alimsomea Kanuni ya Saba mpaka mwisho. Akamuuliza amekuja kwa nani. Bi Margareta akasema hana mtu hapo. Ndugu Njau akafikiri, akatoa lile daftari lake la zamani, alilokuwa akiliongezea majina kila mwaka, akafunua kurasa chache, kisha akamuuliza kwa heshima zote kama angekuwa na pingamizi na mtu wa Mpwapwa.

Ndivyo Bi Margareta alivyoandikwa kuwa ndugu wa marehemu Jeremia Chilongani, utingo wa lori, aliyefariki Himo mwaka 1998 na kuzikwa Mfongoni na wenye lori. Alikwenda, akaketi karibu naye nusu saa, akatoka uso umekunjuka. Alhamisi iliyofuata alirudi na fagio.

Habari ikaenea kimya kimya. Watu wengi mjini kwetu wana makanisa, misikiti na mahekalu, wana nyumba nzuri na sebule zenye makochi, lakini hawana mahali pa kukaa nusu saa bila kuulizwa kitu. Wakaanza kuja mmoja mmoja. Ndugu Njau aliwasomea wote Kanuni ya Saba, bila kuruka neno, halafu akawaazima kaburi.

Alikuja Bi Pramila, ambaye familia yake ina duka la vitambaa mjini na inaishi ghorofani juu yake, vizazi vitatu na televisheni mbili. Kwao maiti huchomwa. Kwa hiyo Bi Pramila alikuwa mtu wa kwanza kufika getini akiwa hana kaburi na hana hata uwezekano wa kuwa nalo. Ndugu Njau alimpa Luka Mwakibete, seremala kutoka Tukuyu, aliyefariki mwaka 1989, kwa maelezo kwamba anaonekana alikuwa mtu mstaarabu. Bi Pramila alimletea maua ya njano kila Jumanne.

Alikuja pia Mwalimu Thadeus, mstaafu, mkazi wa Njoro, jirani wa karakana ya kuchomelea mageti. Yeye alipewa kaburi akarudi siku ya pili kulalamika. Alikuwa amesoma tarehe kwenye jiwe akagundua kwamba marehemu alifariki akiwa na miaka ishirini na sita, na mtu wa umri wake hawezi kukaa anamweleza kijana mdogo mambo yake. Ndugu Njau aliona hoja ina uzito. Alimhamishia kwa fundi mwashi wa miaka sabini na moja, na hapajatokea malalamiko mengine.

Mwezi wenye wageni wengi ulikuwa Desemba. Wenyeji wakishakaa siku tatu na ndugu zao waliopanda kutoka Dar es Salaam kula sikukuu, huanza kuwakumbuka marehemu.

Ndugu Njau aliulinda utulivu huo kwa njia zake. Wachimbaji walikatazwa kujadili mpira ndani ya hatua hamsini kutoka kwa mtu anayesali. Muda wa kufunga haukutangazwa kwa kengele: alipita mbali kidogo, akakohoa mara moja, na kikohozi hicho kilikuwa na maana ya dakika kumi. Simu zote zilibaki getini ndani ya sufuria yenye kifuniko. Kwa kipindi fulani alikuwa akizipokea zikiita, akiwajibu wapigaji kwa sauti ya upole kwamba mwenye simu yuko makaburini na hawezi kuongea. Aliacha baada ya familia moja ya Njoro kufika na turubai na viti arobaini.

Kanisa la maombezi lililofunguliwa nyuma ya ukuta wetu mwaka 2011 lilimpa kazi zaidi. Alikwenda kuwaomba wapunguze sauti saa za alasiri. Walimpokea vizuri mno, wakamweka mbele, wakamwombea kwa saa mbili, spika zote zikiwa wazi. Alirudi amelowa jasho, akasema wamekubali. Na kweli walikuwa wamekubali.

Mwandishi wa wasifu huu naye aliingia kwenye kitabu. Ilikuwa mwaka 2013, mama yake akiwa mahututi, na ofisi yetu ina chumba kimoja na watu watatu. Alitaka mahali pa kulia dakika kumi. Alitoka kuelekea makaburini, Ndugu Njau akamsimamisha getini akafungua kitabu. Alipomkumbusha kwamba yeye ni mfanyakazi, Ndugu Njau alimwelekeza kwenye Kanuni ya Saba, ile ya plastiki, isiyotaja wafanyakazi. Akamwandikia Bi Anjelina Kapufi, mpishi, aliyefariki mwaka 1987. Mama alifariki wiki ile. Karani hakumshukuru Ndugu Njau wakati ule, na anatumia nafasi hii kumshukuru sasa. Asante, Mzee Njau. Bila zile dakika kumi nisingefika kwenye mazishi nikiwa nimesimama.

Tufike kwenye jambo ambalo wajumbe wa Bodi wameomba litajwe kwa kifupi. Halitatajwa kwa kifupi.

Alhamisi, tarehe 31 Machi 2016, walifika getini kijana wa miaka ishirini na mitatu aitwaye Lucky Chilongani na shangazi yake. Walikuwa wamesafiri kutoka Mpwapwa. Lucky alikuwa na miaka mitano baba yake alipofia Himo, na hii ilikuwa mara ya kwanza familia kupata nauli na maelekezo kwa wakati mmoja. Ndugu Njau alikuwa ameitwa upande wa chini kupima kaburi. Mlinzi wa zamu aliwaelekeza tu: kushoto, mstari wa nne.

Walitegemea kukuta kichaka. Walikuta kaburi limepakwa chokaa, lina maua mabichi, na kando yake amepiga magoti mwanamke mtu mzima, kichwa amekiinamisha, machozi yanamtoka. Kwa mujibu wa wote waliokuwepo, Lucky alisoma jina la kaburi mara mbili kabla ya kuuliza.

"Shikamoo mama. Samahani, wewe ni nani kwa mshua?"

Bi Margareta, ambaye ni mtu wa kweli kupita kiasi, alijibu kwamba hamjui hata kwa sura, lakini yeye huja kila Alhamisi. Jibu hilo halikusaidia. Shangazi alianza kulia, na si kwa huzuni. Alitangaza mbele ya makaburi yote kwamba alijua siku zote kaka yake alikuwa na nyumba nyingine Moshi, kwamba ndiyo maana hakurudi, na kwamba wifi yake amekufa maskini akimsubiri mtu aliyekuwa anapikiwa ndizi na mwingine. Walipofungua kitabu cha getini, walikuta Bi Margareta ameandikwa mara mia nne thelathini na tano. Kwenye safu ya uhusiano, kila mara, mwandiko ni wa Ndugu Njau: ndugu.

Lucky alipeleka malalamiko kwa maandishi. Bodi ilikaa Alhamisi, tarehe 14 Aprili. Mwandishi wa wasifu huu alichukua kumbukumbu za kikao na anazo mbele yake.

Mwenyekiti, Mzee Ebenezeri, alisoma orodha ya waliopatikana wakizuru watu wasiowahusu. Walikuwa ishirini na wanane, miongoni mwao karani wa ofisi, ambaye ilibidi aandike jina lake mwenyewe kwenye kumbukumbu. Alipofika kwa Bi Pramila, Mwenyekiti alishusha miwani akamuuliza anapataje kuwa ndugu wa Mnyakyusa. Bi Pramila alisimama. "Mzee, mimi nimemletea Luka maua miaka sita," alisema. "Hao ndugu zake wenyewe wameleta nini?" Kumbukumbu zinaonyesha kwamba Mwenyekiti alivaa miwani tena akaenda kwenye jina lililofuata.

Kosa lilikuwa wazi. Kitabu rasmi cha makaburi kilikuwa kimeandikwa uongo kwa miaka tisa, na adhabu yake ilikuwa kufukuzwa kazi. Wajumbe wawili walishauri pia geti lifungwe kwa kila mtu asiye na cheti cha kifo cha ndugu yake. Ndugu Njau alitakiwa kujieleza.

Hakuanza kwa maneno. Alitoa ndani ya koti jani la isale, lililokatwa asubuhi ile kwenye mpaka wa kihamba chao Kilema, akavuka chumba, akampa Lucky kwa mikono miwili.

Wajumbe wote saba walikuwa watu wa mlimani, na wote saba waliketi wima. Kwetu, mtu akikuletea isale anakuomba msamaha, na isale haikataliwi. Watu wamesameheana mashamba na damu kwa jani hilo. Kwa hesabu za Uchaggani kesi ilikuwa imekwisha saa nne na dakika ishirini. Lakini Lucky ni Mgogo wa Mpwapwa. Aliligeuza jani, akalinusa, akamuuliza shangazi yake kwa sauti ya chini kama huku wanalipika. Mwenyekiti alisimamisha kikao ili mlalamikaji aelimishwe. Kumbukumbu zinasema: "Kikao kilipokea jani moja. Maelezo yalitolewa."

Ndipo Ndugu Njau alipoongea. Alisema yeye ana baba amezikwa Kenya, hajui wapi, kwa miaka arobaini na miwili. Alisema kila makaburi yana geti, na kwenye kila geti kuna mtu kama yeye. Alikuwa anawatuma watu kwa wale wasio na mtu kwa sababu alitumaini kwamba huko alikolala baba yake, mwenye geti naye anamtumia mtu, hata mara moja kwa mwaka, hata mtu asiyemjua. Alisema ameandika uongo na anajua. Akamwambia Lucky kwamba baba yake hajakaa peke yake tangu mwaka 2007, isipokuwa wiki mbili Bi Margareta alipougua malaria. Akaketi.

Kwenye daftari la kumbukumbu, hapo pana nafasi tupu ya mistari mitatu.

Lucky alimgeukia Bi Margareta akamuuliza alikuwa anamwambia baba yake nini siku zote hizo. Bi Margareta alisema alianza kwa rozari, lakini miaka ilivyoenda alijikuta anamweleza mambo ya kawaida tu: mtoto wake wa mwisho amefaulu, mvua zimechelewa, goti linauma. Akaongeza kwamba Jeremia ni msikilizaji mzuri. Shangazi alicheka, halafu akalia tena, na mara hii ilikuwa huzuni. Lucky alilikunja jani la isale taratibu akalitia mfuko wa shati, akasema hana kesi.

Bodi ilimpa Ndugu Njau onyo la maandishi. Katika kikao hicho hicho iliongeza maneno machache mwishoni mwa Kanuni ya Saba, ili mtu aruhusiwe pia kuzuru kaburi la marehemu asiye na wa kumzuru. Karani alichapa vyote viwili siku ile, onyo na kanuni mpya. Kanuni mpya aliipeleka kuwekewa plastiki. Onyo hakuliwekea.

Tangu hapo uongo umekwisha kitabuni, na wageni wameongezeka. Wale mia moja na sita wa daftari la Ndugu Njau, leo wamebaki kumi na wawili tu wasio na mtu. Mafanikio mengine ya mstaafu ni bomba la maji la upande wa juu, miti arobaini ya grevilea, na kupungua kwa mbuzi.

Lucky alijifunza udereva, akapata lori, na tangu mwaka 2018 amekuwa akipeleka vitunguu Nairobi na Nakuru. Kila akipita Moshi husimama kumwona baba yake, na kama ni Alhamisi huketi na Bi Margareta. Kitu ambacho hakumwambia mtu ni kwamba kila safari, akishashusha mzigo, alikuwa akizunguka kuuliza habari za Mchagga wa Kilema aitwaye Petri Njau, aliyefanya kazi mashambani miaka ya sabini. Aliuliza sokoni, aliuliza makanisani, aliuliza wazee wa Kichagga waliolowea huko. Alifanya hivyo kwa miaka saba.

Jumanne, tarehe 11 Machi mwaka huu, simu ya ofisi iliita saa tano asubuhi. Lucky alikuwa Molo, mbele ya Nakuru. Alikuwa amempata mzee aliyewahi kuwa karani wa shamba la pareto lililokwisha kugawanywa siku nyingi, mwenye orodha ya wafanyakazi waliozikwa pale, kwa mwandiko wake mwenyewe. Petri Njau, wa Kilema, Moshi, Agosti 1974. Nambari kumi na tisa, chini ya mikaratusi.

Ndugu Njau alichukua mkono wa simu. Swali lake la kwanza lilikuwa kama kuna mtu huja. Lucky angeweza kusema ndiyo. Mtu mwingine angesema. Yeye alisema ukweli: pale hapana geti, hapana kitabu, majani yanafika magotini, na mzee karani hakumbuki mtu yeyote kuja kwa nambari kumi na tisa. Tulimwona Ndugu Njau akifumba macho. Kwa miaka yote ile aliwatuma watu kwa wafu wa wengine kwa tumaini moja, na tumaini hilo lilikuwa si kweli.

Kisha Lucky akasema kwamba amefyeka. Amekaa hapo tangu saa mbili asubuhi. Hakujua sala za Kikatoliki, kwa hiyo alimweleza Petri habari za nyumbani: kwamba mke wake amelala kihambani na ameachiwa nafasi pembeni, kwamba mtoto aliyemwacha na miaka minne sasa ana mvi, na ni mkuu wa geti, na ni mtu wa maana.

Ndugu Njau alirudisha mkono wa simu mahali pake. Alitoka, akapita getini bila kuandika kitabu, kosa lake la pili katika miaka thelathini na miwili, akaenda akasimama kati ya makaburi, na sisi sote tukakaa ndani. Wachimbaji walivua kofia. Hatukujua la kufanya, kwa hiyo hatukufanya kitu, jambo ambalo yeye mwenyewe ndiye aliyetufundisha.

Tarehe 2 Julai, siku mbili baada ya kustaafu, Ndugu Njau atapanda lori la Lucky kuelekea Molo. Hati ya kusafiria ameshaipata. Picha yake ilibidi irudiwe mara tatu kwa sababu alikuwa anaangalia chini. Bi Margareta anapika kiburu cha ndizi na maharage cha njiani, Bi Pramila ametoa kitambaa cheupe cha kufungia udongo atakaorudi nao kwa mama yake, na Mwalimu Thadeus ametoa ushauri. Kamati ya zawadi, iliyokuwa imeamua kununua blanketi na saa ya ukutani, imebadili uamuzi na kununua kiti cha kukunja, kwa kuwa Lucky anasema chini ya mikaratusi ile hapana pa kukalia.

Mzee Njau, tunakushukuru. Umewapa watu wa mji huu mahali pa kunyamaza, na hukuwahi kuwauliza wananyamazia nini. Kuanzia Jumanne geti litakuwa na mtu mwingine. Usiamke mapema kwa ajili yake. Ukifika kwa baba yako kaa kadiri unavyotaka, hakuna atakayekuja kukohoa. Sisi wa Mfongoni tumewasikia wengi wakiambiwa wapumzike wakiwa hawasikii tena. Wewe unasikia bado, na sisi tunakupenda, kwa hiyo tunakuambia leo ukiwa mzima: pumzika.

Gladys Temu
Kwa niaba ya wafanyakazi wa Makaburi ya Mfongoni